Semi Limelala kwa Mama Mkwe

"Oya, sikieni hii!" Miraji alipaza sauti kabla hata hajakalia benchi. Pale Manyoni wanamwita Redio, na si redio ya kuzimwa. Simu alikuwa ameiweka puani kabisa. "Semi limepaki barabara ya Dodoma, dereva kalala ndani. Kuja kuamka, betri hazipo, wese limenyonywa, na yeye kavuliwa viatu!"

"Viatu alivyovaa?" aliuliza Jesca, muuza kahawa, birika likiwa hewani.

"Alivyovaa! Soksi wamemwachia. Wana utu."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Antipasi. Yeye kahawa ilimpalia. Ni dereva wa semi, lori la kukokota tela, yuko nyumbani kwa likizo fupi, na bosi wake alishamwambia kabisa: ikipungua hata nati moja kwenye gari, akatafute mbuzi wa kuchunga.

"Chekeni tu," alisema akijifuta kidevu. "Nyie baiskeli zenu mnalala nazo chumbani. Mimi lile dude nitalisukumia wapi, uvunguni?"

"Si upaki polisi, kaka?"

"Polisi? Nilipaki mwaka jana! Kufika jioni mtaa mzima unajua nimekamatwa. Mama kalia mpaka sauti imekauka. Kwaya nzima ikaja kutoa pole, na mlango nikawafungulia mimi mwenyewe. Wakaimba hivyo hivyo, maana walishafanya mazoezi."

"Basi gesti. Gesti kuna mlinzi."

"We Redio una akili wewe?" Jesca aliingilia. "Gari liko gesti, mwenye gari anasema yuko kwa mkewe! Luciana atamwelewa?"

"Sasa limelala wapi siku zote hizi?"

Antipasi alijikuna kisogo. "Mwanzoni nililala nalo mwenyewe, pale uwanja wa mpira. Luciana ananiletea ugali dirishani kama mahabusu. Akanuna. Nikaona isiwe shida, nikalipeleka kwa mama yake."

"Kwa mama mkwe?"

"Kwa Bi Yasinta, njia ya Kilimatinde. Ua mpana, na mwenyewe usingizi hana. Mbwa wakipita pale wanakunja mkia."

"Kaka, hapo umecheza! Mwizi gani atamsogelea Bi Yasinta?"

"Mwizi hawezi. Shida ni kwamba hata mimi siwezi."

Ndipo akalitapika lote. Asubuhi ile bosi alipiga simu: likizo imekatwa, magunia ya alizeti yanasubiri Singida, na gari lisipokuwa njiani leo hii, funguo atapewa dereva mwingine. Antipasi alitoka mbio mpaka kwenye kona ya ua, akaganda. Bi Yasinta alikuwa ametandika mkeka kwenye kivuli cha tela, mbele kabisa ya matairi, miguu kainyoosha, anabangua karanga na mashoga zake. Kwa kina Antipasi mtu hampiti mama mkwe aliyenyoosha miguu, sembuse kumwambia apishe gari. Aliinama, akasalimia kwa mbali huku akitazama pembeni, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

"Si Luciana amwambie mama yake asogee?" Redio alihoji.

"Nimemwomba. Kasema mama yake amekaa vizuri, asisumbuliwe."

"Piga honi!"

"Nimpigie honi mama mkwe? Ukoo utakaa vikao mpaka Krismasi!"

Kilichobaki ilikuwa kumtuma Mzee Urbano, mstaafu wa reli, kwa kuwa yeye na Bi Yasinta ni rika moja. Alishamtuma, na ndiye huyo alikuwa anarudi sasa, taratibu, mdomo ukitafuna.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba."

Antipasi alishasimama. "Amesogea?"

"Hajasogea. Kanipa karanga." Mzee alikaa, akapangusa maganda gotini. "Kivuli kizuri sana kile. Gari lako zima, mwanangu. Betri zipo, mafuta yapo, hata vumbi lake halijaguswa."

"Kasemaje lakini?"

Mzee Urbano alimeza kwanza. "Kasema, mwambie gari lake nimelilinda, sijasinzia hata kidogo. Na mimi nilimpa binti yangu. Yeye kampaki wapi?"

Antipasi aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Tairi zote alikuwa amezikagua, moja moja, lakini ungemuuliza Luciana amesuka au hajasuka, asingekuwa na jibu.

Simu ikaita. Bosi. Sauti yake ilisikika benchi zima.

"Uko wapi wewe? Usiniambie pancha! Usiniambie trafiki!"

"Bosi, gari liko kwa mama mkwe. Amekaa kivulini mwa tela, mbele ya matairi."

Bosi akauliza taratibu:

"Kanyoosha miguu?"

"Kanyoosha, bosi."

"Basi mwache," sauti ilishuka kabisa. "Hawa wa alizeti nitawaambia kesho. Na honi usije ukapiga, ndugu yangu, nakuomba."

Antipasi aliweka kikombe chini na kuondoka bila kuaga.

"Wewe! Mada ndiyo inanoga, unakwenda wapi?" Redio alimpigia kelele. "Na kahawa hujamaliza!"

Alishavuka kwa fundi pancha, anakata kona ya kwao kwa hatua ndefu.

"Mwache," alisema Jesca, akikiokota kikombe. "Likizo nzima tunaye hapa. Leo ndiyo anafika nyumbani."