Rauta ya Chooni na Majibu ya Posa

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Msiogope, nguo ninazo mwilini. Nimejivua kwa mdomo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka nitawaonea watu wengine, na sitaki.

Mwanangu Lusajo alipeleka barua ya posa Iringa, kwa kina Upendo. Majibu yalikuwa yatolewe leo. Msemaji wa ukoo wao ni baba mkubwa wa Upendo, na mguu unamsumbua, hawezi kukaa kwenye basi mpaka huku Mbeya. Wakasema tuonane kwa video, kila upande sebuleni kwake. Nikasema hakuna shida. (Hakuna shida! Mimi niliyeishia la saba, mshona nguo wa Mwanjelwa, naahidi mambo ya mitambo!) Nikaenda kununua rauta, kile kidude cha intaneti ya nyumbani, maana kwa bando la simu tungeongea na vivuli.

Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, hii hata bibi anaweza. Unaweka laini, unachomeka, unaiacha wazi karibu na dirisha. Basi."

Nilimchukia hapohapo. Kavaa kitambulisho shingoni kama daktari bingwa, kumbe kazi yake ni kusema "unachomeka". Lakini niseme haki: aliniambia niiache wazi. Mimi ndiye niliyempuuza.

Nimefika nyumbani, nikaweka laini. Ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. Nikaigeuza tena ikawa kama nilivyoanza, ikaingia. (Sijui. Msiniulize.) Kisha nikafanya kile ambacho mama yeyote mwenye heshima zake angekifanya na kitu kipya: nikaiweka ndani ya kabati la vioo, katikati ya seti ya chai na picha ya kipaimara ya Lusajo, nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikafunga kabati kwa ufunguo. Ilipendeza jamani! Ikawasha taa nyekundu.

"Nyekundu maana yake inajipasha," akasema shemeji Ambakisye, mdogo wake mume wangu. Huyu shemeji anajua kila kitu. Aliwahi kupanga chumba jirani na fundi simu.

"Inajipasha mpaka lini, shemeji?"

"Mitambo haina haraka kama cherehani yako."

Tukangoja. Nikagusa kioo cha kabati, kina joto kama pasi. Kujipasha imejipasha kweli, mtandao ndio haukuja. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akasema, "Mama Lusajo, kitoe hicho kitu kabla hakijatuunguzia vikombe."

Tukaanza kuzunguka nayo nyumba nzima, waya wa ekstensheni unatufuata nyuma kama mkia. Dirisha la sebuleni, nyekundu. La chumbani, nyekundu. Jikoni ikapepesa kidogo, kama inatuonea huruma, ikarudi nyekundu. Taa ya bluu iliwaka mahali pamoja tu. Chooni. Kale kadirisha ka choo ndiko kanakotazama mlima wenye mnara.

Basi rauta ikakaa chooni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. (Kitambaa nilikitandika chini yake. Haiwezi kukaa juu ya ndoo tupu, bado ni mgeni.) Nikatangaza, "Mpaka majibu ya posa yatoke, hakuna wa kwenda chooni. Atakayebanwa aende kwa jirani!"

Saa ya kikao ikafika. Lusajo akaunganisha simu yake na televisheni, wakwe wakatokea wakubwa kabisa, wamepangwa kwenye makochi kama kwaya. "Kamwene!" wakasema. "Kamwene!" tukaitikia. Baba mkubwa yuko katikati, ndani ya koti la rangi ya ugoro. Akaanza, "Sisi wa ukoo huu, kabla ya yote…"

Picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Nikasema, "Huyo anasubiri kijiko cha uji." Sebule yetu yote ikacheka. Hata Baba Lusajo alicheka, na yeye kicheko chake huonekana sikukuu kwa sikukuu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu akishachekesha mara moja anajiona ana kipaji.

Nikakimbilia chooni. Mlango umefungwa, waya umebanwa chini yake.

"Shemeji!"

"Natoka, shemeji. Ni dharura."

"Si ulisema mitambo unaijua?"

"Mitambo naijua. Tumbo ndilo silijui."

Akatoka, akarudi sebuleni amenyooka kama mzee wa kanisa. Mimi nikabaki nachomeka upya na kuunyoosha ule waya. Nyekundu. Nyekundu. Bluu! Nikakaa kidogo nihakikishe haibadili mawazo, kisha nikarudi mbio.

Sasa hapa nawaomba mnielewe. Naingia, naona kwenye televisheni wakwe wote wamesimama, vichwa chini, hakuna anayetikisika. Hakuna sauti. Imeganda tena! Na watu wangu nao wamesimama, kimya. Nikajua wamekata tamaa, wanataka kutawanyika. Nikapita katikati yao mpaka mbele ya televisheni, nikawapa mgongo.

"Rauta takataka hii," nikasema. "Na hawa tazameni walivyoganda! Utadhani wanatafuta sindano chini."

Hakuna aliyecheka. Nikaongeza bidii.

"Na hilo koti la baba mkubwa! Fundi gani kalishona? Mkono mmoja unafika kwenye vidole, mwingine umeishia njiani. Mabega kama ya kuazima. Halafu hao ndio wanaochunguza ukoo wetu! Wachunguze kwanza hilo pindo!"

Baba Lusajo akakohoa.

"Kanywe maji," nikamwambia bila kugeuka.

Akakohoa tena. Mtu akanivuta kitenge. Nikakivuta nikakirudisha. "Niacheni! Hawasikii hao, si wameganda?" Nikanyoosha kidole mpaka kwenye kioo, palepale kwenye mkono mfupi wa koti, niwaonyeshe kosa la mshono.

Mkono ukasogea.

Baba mkubwa akainua kichwa. Akafumbua macho. "Amina," akasema. "Amina," wakaitikia watu wote, wa kwao na wa kwangu, wakaketi. Nikabaki nimesimama peke yangu, kidole hewani.

Lusajo akaninong'oneza. Kumbe mtandao ulirudi zamani, mimi nikiwa bado chooni nahakikisha. Baba mkubwa akaomba watu wasimame kimya kumkumbuka babu yake Upendo, aliyekuwa msemaji wa ukoo kabla yake. Na kwenye kimya cha marehemu hakuna anayefungua mdomo. Ndiyo maana hakuna aliyenionya. (Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.)

"Mama Lusajo," akasema baba mkubwa, kwa ile sauti ambayo huwezi kujua mtu kakasirika au vipi. "Huku tunakusikia vizuri sana. Mtandao wenu hauna shida."

"Ndiyo, baba."

"Na koti hili ni la marehemu. Nimelivaa ili naye awepo."

Nilitamani kuingia kabatini nikae na vikombe. Nikamtazama Lusajo. Kainamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Nikajua nimempokonya mke kwa maneno ya kipuuzi kuhusu pindo. Hapo mzaha uliniisha wote. Nikapiga magoti mbele ya televisheni.

"Baba, mjinga ni mimi. Mtoto hajasema neno. Niadhibuni mimi, yeye mumwache."

Kimya. Safari hii sikuthubutu kusema imeganda.

Halafu pembeni mwa kochi, bibi mmoja aliyejifunika shuka akaanza kutikisika mabega. Ni mjane wa yule marehemu. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Maisha yangu yote nilimwambia mzee yule koti lina mkono mfupi," akasema. "Akanibishia mpaka anakwenda kaburini! Leo nimepata shahidi, tena fundi."

Upande wao ukaangua kicheko. Upande wetu ukaangalia kwanza kama inaruhusiwa, kisha ukafuata. Shemeji Ambakisye alicheka kuliko wote. (Aliyebana waya ni nani? Lakini mwacheni, maneno yale niliyasema mimi.)

Baba mkubwa akapangusa macho. "Posa tumeipokea," akasema. Lusajo aliruka akagonga taa ya dari. "Ila kuna faini. Siku mtakayoleta mahari, mama mkwe aje, akae mbele kabisa kwa heshima zote. Ila asiseme kitu."

"Hiyo faini tunaanza kuilipa leo," akajibu Baba Lusajo. Tangu anioe sijawahi kumsikia akijibu jambo haraka namna hiyo.

Basi naomba asinicheke mtu. Na siku mkiniona Iringa nimekaa mbele kimya kama picha, msidhani mtandao umekata: natumikia adhabu.