Dokta Koti na Macho ya Bibi Cherehani

Dokta Koti hakuwa daktari. Koti ndilo lilikuwa la daktari, na yeye alilianua kwenye kamba ya dobi. Siku aliyosikia kwamba hospitali kuu inajaribu kipandikizi kidogo kama punje ya mchele, kinachowekwa ndani ya jicho kidondoshe dawa polepole, alinawa uso akaenda kazini.

Majaribio yalikuwa ya bure, kwa wazee ambao ugonjwa wa uzeeni umewala macho katikati. Lakini wakubwa wa hospitali, kwa akili yao yote ya kusomea, walibandika tangazo kwa herufi za sisimizi, ili wasioona wajisomee. Wazee wakajazana getini, hawajui wamuulize nani.

"Nafasi zipo, wazee wangu," akasema Dokta Koti. "Mnaweka dhahabu kidogo ya dhamana. Mkipona mnarudishiwa. Nisubirini hapa hapa."

Mfuko wa koti ulipojaa hereni na pete, akaenda kumalizia nyumbani kwa Bibi Cherehani, fundi nguo, mjane, aliyetaka jambo moja tu: aingie kwenye majaribio kabla hajashindwa kabisa kushona.

"Wenzako wananisubiri getini. Unaniona, bibi?"

Bibi akamgeukia. "Uso wako siuoni, mwanangu." Kisha akarudi kutazama ukuta.

Vizuri sana, akawaza Dokta Koti, akaibeba mezani saa ya marehemu mume wa bibi na kuitia mfukoni.

Usomi wake uliishia hapo. Ugonjwa ule hula katikati, pembeni huacha. Bibi akikutazama hakuoni. Akitazama ukuta, anakuona mpaka vifungo.

"Bangili zangu ziko kwenye kopo, chini ya kitanda, chumba cha ndani," akasema bibi taratibu. "Kachukue mwenyewe. Mimi macho sina."

"Wewe tulia tu, bibi yangu."

Akavua koti jeupe lisichafuke, akaliacha kitini, akaingia uvunguni kwa tumbo. Alipotoka, vumbi hadi kwenye nyusi na kopo lenye kutu kifuani, bibi alikuwa akikata uzi kwa meno.

"Mfuko wako ulikuwa unaachia. Nimeushona mdomo, vitu visikudondoke njiani."

"Bila kuona?"

"Vidole havijaugua."

Akavaa koti, akaupapasa mfuko. Mzito vilevile. Akaaga kwa heshima zote, akaenda moja kwa moja kwa sonara.

Getini wazee walikuwa bado wanamsubiri daktari wao. Bibi akawagawia hereni na pete zao, akawaongoza ndani mpaka kwa daktari wa kweli. Huyo aliwaambia wazi: wengine watawekewa dawa, wengine hawatawekewa, na kama inafaa bado haijulikani.

"Angalau wewe umesema," akamjibu bibi. "Mkurugenzi wako, mwenye tangazo lile, nikimtazama hayupo, nikimtazama kwa pembeni hayupo vilevile. Niandike."

Sonara naye alikata uzi wa mfuko, akamwaga mezani vifungo na pete za pazia. Akafungua kopo: sindano kuukuu. Akalitazama lile koti jeupe.

"Wewe daktari wa nini?"

"Wa macho."

"Basi anza na yako."