Pakiti ya Njano Juu ya Mashine

Jumatatu, 9 Juni. Hsinchu.
Mvua tangu juzi. Maabara nzima inanuka viatu. Utando wangu wa plastiki, ule wa kupitisha umeme, umepasuka tena. Nimeuzungusha kwenye kalamu mara moja tu, umeme ukakatika! Wa Ju-yun unakunjwa kama leso na umeme unapita raha mustarehe. Huyu Ju-yun nilimfundisha mimi kushika koleo. Sasa yuko mwaka wa tatu, nami wa saba, na Profesa Tseng amenikumbusha mbele ya watu kwamba wa nane haupo. Nisipotetea tasnifu Julai, natoka chuoni mikono mitupu.

Nina vipande vitatu vizuri vya utando. Vitatu tu! Vinangoja kupakwa dhahabu kwenye mashine ya ombwe, ile inayonyonywa hewa yote ndani, na mashine wiki hii ni ya Ju-yun. Wiki ijayo inafunguliwa kusafishwa, haifungwi kabla ya Agosti. Nimemwomba anipishe siku moja. Akasema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, vumilia kidogo kaka, tutaona. Tutaona!

Lakini nina akili. Juu ya mashine kuna pakiti ya kijani ya chipsi za nazi, kama kwenye mashine nyingi mji huu. Kijani huiambia mashine ifanye kazi. Njano huiambia ipumzike. Mimi mwanasayansi, siamini upuuzi huo. Ju-yun anaamini. Akikuta njano hatagusa hata swichi. Mashine itabaki bila mtu, nami nitaitumia.

Jumanne, 10 Juni.
Nimenunua ya njano. Mama muuzaji akauliza, ya kula au ya kuwekea mashine? Nikasema ya kula, nikaona haya bila sababu. Nimeibadilisha wenzangu walipokwenda kula tambi. Ya kijani nimeila yote chooni, kufuta ushahidi. Ilikuwa mpya kabisa. Ju-yun huibadilisha kwa fedha zake, haijapitwa na tarehe hata siku moja. Roho imeniuma kidogo. Tumbo zaidi.

Jumatano, 11 Juni.
Balaa!

Nimefika asubuhi nikitegemea kumkuta Ju-yun kajiinamia, mashine imelala. Nikakuta inanguruma. Hakuwa ametazama juu. Kajaa furaha, ananipungia mkono, njoo uone kaka, nimekufanyia jambo! Ameweka vipande vyangu vitatu pamoja na vyake. Amenitengea nafasi kwenye sahani yake mwenyewe ndani ya mashine. Kumbe ndiyo ile tutaona yake. Alitaka kunishtukiza.

Macho yangu yakaenda juu ya mashine. Naye akainua macho, akaiona njano. Akapiga ukelele, akakimbilia kuzima, na kwa kutapatapa akafungua vali isiyo yenyewe. Hewa ikaingia kwa kishindo. Pampu ikalia kama mbuzi anayechinjwa, kisha kimya. Tulipofungua, vipande vyote vilikuwa vimejikunja, havifai. Vyake na vyangu.

Kwa hiyo sikukosea. Pakiti haiharibu mashine! Imeharibiwa na mtu aliyetishwa, na aliyemtisha ni mimi. Sikujua kwamba kuwa sahihi kunaweza kuuma hivi.

Alhamisi, 12 Juni.
Profesa katukusanya. Nani kaweka njano? Ju-yun akainua mkono, akasema huenda ni yeye, labda alinunua akiwa amechoka, hakuangalia rangi. Uongo! Alisema hivyo ili tusitazamane kwa macho mabaya. Nikafungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikasema unyevu wa hewa wiki hii umezidi.

Baadaye Ju-yun kaniletea bakuli la choroko zilizopikwa kwa sukari, baridi, macho yake yamevimba. Kaniomba msamaha. Yeye aniombe mimi! Eti nimekuponza kaka yangu, na ndio mwaka wako wa mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Nimekula choroko zote, maana kuziacha kungemuumiza zaidi. Najuta. Naandika tena: najuta.

Ijumaa, 13 Juni.
Profesa amemwondoa Ju-yun. Kasema bila kupaza sauti kwamba maabara yake haina nafasi ya mikono inayotetemeka. Daktari Chiu wa maabara ya ghorofa ya nne peke yake ndiye aliyekubali kumpokea, tena aanze upya, kuanzia kuosha vioo. Nimemkuta ngazini na sanduku lake. Nikalishika upande mmoja. Tukapanda hadi ghorofa ya nne.

Nikashuka moja kwa moja hadi kwa Profesa. Kukiri, liwalo na liwe! Kabla sijasema kitu akaniambia kaa. Amezungumza na wakubwa wa chuo. Kwa kuwa kazi yangu imeharibiwa na mwenzangu, bila kosa langu, nimeongezewa miezi sita. Nikashukuru. Nikainama hadi paji la uso likagonga meza.

Jumamosi, 14 Juni.
Sikupata usingizi. Ju-yun hawezi kubeba lawama isiyo yake. Ni dhuluma, na mimi nimeapa kuiondoa. Ila miezi sita nayo ni miezi sita.

Sasa nimeshaona njia. Jumatatu, wakati wa chakula, nitamnong'oneza Profesa kwamba Jumanne ile nilimwona Daktari Chiu akirandaranda karibu na mashine yetu. Na sababu anayo. Si ndiye aliyeishia kupata mwanafunzi bora kuliko wote? Profesa atamkalia kooni, hatamwacha mpaka wamfungie maabara. Maskini Ju-yun! Hapo ndipo atakapopumua.