Regulata Mapajani kwa Mama Mkwe

Jamani, leo uso wangu nimeuacha kijijini Ntalikwa. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari ya Ntalikwa hufika Tabora mjini kabla ya mwenye habari.

Mama mkwe wangu ndiye mpima asali wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Ndoo inapandishwa kwenye mizani, mtu anataja kilo kwa sauti, yeye anabonyeza kikokotoo, anajumlisha. Kiti hicho amekikalia miaka na ndicho heshima yake. Shida ni macho. Msimu uliopita kwenye kioo cha kikokotoo aliona tatu palipokuwa na nane, na asali iliyopungua ikawa ya Mama Shija, mwenyekiti mwenyewe! Ugomvi ulifika mpaka kwa mtendaji. Leo asubuhi wanakikundi walikuwa wanaamua: abaki, au kiti apewe mwingine. Juzi Mama alilia kwenye simu, mke wangu Kalunde akalia naye. Mimi nikajitia mwanaume.

"Namtengenezea kikokotoo kinachosema," nikamwambia. (Ni fundi redio na simu. Fundi mwenye mke anayelia hashikiki.)

Nikaunda boksi la mbao lenye spika, nikaliunga na kikokotoo kwa nyaya. Ukibonyeza namba, linaitaja; ukijumlisha, linataja jibu. Sauti ni yangu. Na likiwashwa tu, kabla ya yote, linasema, "Shikamoo mama!" Adabu kwanza, au siyo?

Ikabaki umeme. Banda la asali halina, kwa hiyo nikachukua betri ya pikipiki, volti kumi na mbili. Boksi langu linataka tano. Lazima katikati ikae regulata ya kushusha. Nilikuwa nazo mbili mezani: moja saketi ndogo ya kisasa, nyingine ile ya zamani ya miguu mitatu, niliyoing'oa kwenye deki bovu. Mzee Sefu, tunayepakana vibanda, akaniona naipendelea ya miguu mitatu.

"Mwanangu, chukua hiyo saketi. Hiyo nyingine volti zinazozidi inazigeuza joto."

"Mzee wangu, hii naijua toka utotoni."

"Basi ifungie bati la kupozea."

"Bati haliingii kwenye boksi."

"Tafuta boksi kubwa."

Nikacheka. (Nikacheka, mimi!) Halafu gundi ilikuwa imekauka, nikaibandika regulata kwa nta ya nyuki. Msinishangae. Mtu wa Tabora nta ni dawa ya kila kitu: ndoo ikivuja, nta; mpini ukilegea, nta. Nikajaribu dakika mbili, likataja namba vizuri, nikalifunga.

Tukafika Ntalikwa. Sasa, kwa asiyejua: kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata chumvi simpi mkononi. Kwa hiyo Kalunde ndiye aliyempakatisha mama lile boksi, betri ikakaa kwenye kapu chini ya kiti, mimi nikakaa mlangoni macho chini kama inavyotakiwa.

Kalunde akawasha.

"Shikamoo mama!"

Mama akashtuka, akatabasamu. "Marahaba baba."

Vigelegele! Ndoo ya kwanza: "Mbili! Sita!" Ya pili, ya tatu, safi kabisa. Mama Shija akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikaanza kujisikia mkwe wa kupigiwa mfano.

Ndoo ya nne, kimya. Regulata imechemka mpaka imejizima. Ndiyo tabia yake: ikizidiwa na joto inakata, ikipoa kidogo inarudi. Ikarudi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba."

Ikakata. Ikarudi. "Shikamoo mama!"

"Marahaba baba."

Shikamoo haiachwi hewani, hata ikitoka kwenye boksi. Mama wa watu aliitikia zote, huku ndoo zikiendelea kupandishwa na kutajwa kilo. Kufika shikamoo ya sita akina mama wamejiziba midomo kwa kanga, na Mama Shija anasema, "Mkwe wako huyu adabu imemzidi."

Hapo nikasikia harufu ya nta. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili.

"Kalunde," mama akasema, "mbona hapa panachoma?"

Nta ilikuwa imeyeyuka, inachuruzika mapajani kwake. Nikasahau ukwe. Nikasahau Kalunde amesimama pale pale. Nikaruka toka mlangoni, nikalinyakua boksi, nikavuta kwa nguvu zote.

Nta ilishashika kanga. Kanga ikaja yote.

(Alikuwa na gauni ndani. Alhamdulillahi! Aliyebuni gauni Mungu ampe pepo.)

Nimesimama mbele ya kikundi kizima, boksi mkononi, kanga ya mama mkwe inaning'inia. Na boksi halina haya: "Shikamoo mama!"

Mama, uso kafunika kwa viganja: "Marahaba."

Banda likalipuka. Mama Shija alikaa chini kwa kicheko. Mmoja alipiga teke ndoo, asali ikamwagika, wala hakuna aliyejali.

"Kalunde, mwambie mumeo ageukie ukuta," mama akasema. Nikageuka. Nikamsikia anasimama. "Na nyie sikilizeni. Ndoo saba zimepimwa, boksi linanisalimia, mimi nahesabu kichwani. Kilo mia moja sabini na tisa. Haya, jumlisheni. Kabla hamjaniletea hicho kikokotoo nilikuwa nahesabu kwa kitu gani?"

Mama Shija akatoa simu yake, akasoma kilo zilizoandikwa kwenye ndoo, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mia sabini na tisa," akasema. "Kaa kwenye kiti chako, dada."

Vigelegele vingine, mimi nikiwa bado natazama ukuta.

Tulipoingia mjini Kalunde akaniuliza, "Hivi, uliwahi kumuuliza mama kama anakihitaji hicho kidude?"

Sikumuuliza. Kiti kimebaki, nashukuru. Ila kwa kumvua mama mkwe kanga hadharani nimepigwa faini: doti mpya ya kanga na kuku mweupe, vifike kesho asubuhi. Mwenye kuku mweupe anitafute. Mwenye kicheko abaki nacho nyumbani kwake.