Kamati ya Kulinda Mikono Isiyoshika Pampu

Kwa heshima na taadhima, Kamati Maalum ya Usalama wa Vishikio vya Pampu za Mafuta, Gisenyi, inawatangazia wananchi wote ushindi mkubwa: tangu Jumatatu hakuna dereva hata mmoja aliyeugua kwa kushika pampu. Wenye midomo watasema hata zamani hakuna aliyeugua, maana hapa kwetu dereva hashiki pampu. Anateremsha kioo, anasema "weka ya elfu kumi," na Uwera, binti wetu wa pampu, anamwekea. Hao ni watu wasiopenda maendeleo.

Mimi ni Mukandutiye, mjane, mwanakwaya, na katika kamati ni Mjumbe wa Maji na Sabuni. Kabla ya kamati nilikuwa nafagia hapa stesheni ya mafuta. Bado nafagia, ila sasa nafagia kwa cheo.

Mambo yalianza pale mwenyekiti wetu, Bwana Rutagengwa, alipopata ripoti kutoka nchi za mbali. Ilisema kishikio cha pampu kina vijidudu kuliko choo. Huko, inaonekana, kila mtu anajiwekea mafuta mwenyewe, maskini, kama hana ndugu. Ukurasa huo mwenyekiti hakuufikia. Alisoma neno "choo," akasimama, akaunda kamati.

Azimio la kwanza: kila dereva anawe kabla ya kushika pampu na baada ya kushika. Likaleta ugumu wa kitaalamu: hawashiki. Tukakaa kikao cha saa tatu, chai mara mbili. Azimio la pili: ili walindwe, washike kwanza.

Jumatatu foleni ilitoka stesheni ikaelekea mtaa wa Mbugangari. Wa kwanza alikuwa Latif, wa teksi moto, pikipiki ya abiria.

"Maman Sabuni, mi nilikuya kutafuta esansi. Mbona natawadha kama iko saa ya musikiti?"

"Nawa, mwanangu. Ni sheria."

"Donc nanawa, nashika, nanawa tena, alafu Uwera ndiye anaweka?"

"Umeelewa upesi kuliko katibu wetu."

Akagusa pampu kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja joto la pasi. Uwera akafuta kishikio, akanawa, akamwekea mafuta. Mimi nikaandika daftarini: *Amelindwa*. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumelinda watu mia moja na kumi na wawili, na watatu wamekosa harusi.

Mwenyekiti alifika na gari lake la umeme. Lile gari, Mungu anisamehe, ni zuri. Linakuja kimya kama dhambi. Watu waliacha foleni wakalizunguka.

"Mnaona?" akasema. "Sishiki pampu, sinusi petroli. Gari safi, mikono safi."

Akaweka chini mfuko wake wa sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwa letu, akachomoa kishikio cha chaja ukutani, akachomeka. Chaja ile anaishika yeye peke yake, imeandikwa hivyo. Siku moja nilikwenda na kitambaa, akanifokea: "Maji na umeme havipatani, mama! Kaa mbali!" Nikakaa mbali. Nikiwa mbali niliona kwamba kila anapoondoka, paka wa stesheni huja kukilamba kile kishikio, kwa ajili ya sambaza. Niliandika daftarini. Hakuna aliyesoma.

Uwera akamsogelea kumsalimu. Kwetu mwenye mikono michafu hakupi kiganja. Anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika kwa adabu. Uwera ana mafuta mikononi kutwa nzima, akatoa kifundo. Mwenyekiti akakitazama kama barua ya kodi, hakukigusa.

"Binti, unashika pampu mara ngapi kwa siku?"

"Labda mara mia mbili, patron."

"Mia mbili!" Akatugeukia sisi wajumbe. "Mabibi na mabwana, tumepata chanzo."

Uwera alikuja kwangu. "Maman, wakinifukuza, wadogo zangu wawili wataacha masomo. Wanasoma kwa huu mukono."

"Endelea kunawa," nikamwambia. "Mengine tumwachie Bwana."

Azimio la tatu lilibandikwa ukutani siku hiyo hiyo, na muhuri: *Vishikio vyote vya stesheni vitapimwa. Anayeshika kile kitakachozidi vyote kwa uchafu ataondolewa kazini na katika nyadhifa zote papo hapo, bila rufaa.* Pa jina paliachwa wazi. Mwenyekiti alisema anaokoa muda.

"Bwana mwenyekiti," nikauliza, "vyote?"

"Vyote, mama. Kwani hukusoma?"

Nilisoma, darasa la saba, na kule vyote vilikuwa vyote. Muuguzi Iribagiza alipokuja na vijiti vyake vya pamba, nikamwonyesha pampu nne, mlango wa choo, na chaja. Kisha nikafunga siku tatu kwa ajili ya Uwera.

Alhamisi Iribagiza akasoma majibu mbele ya umati.

"Pampu ya kwanza hadi ya nne: safi kabisa."

Mwenyekiti akapiga makofi, halafu akasita, kama aliyekumbuka kitu.

"Mlango wa choo: wastani." Iribagiza akageuza karatasi. "Chaja ya umeme: mashine ilihesabu ikachoka. Mafuta ya samaki. Manyoya mawili ya paka."

"Nani amekutuma kupima chaja?"

"Wewe, patron. Iko kwenye ukuta."

"Nilimaanisha vishikio vya... vya watu!"

Latif akapaza sauti kutoka nyuma: "Kwani chaja inashikwaka na nani?"

Katibu wetu, Bwana Bahizi, mtu wa utaratibu, akafungua faili. "Kwa mujibu wa kumbukumbu, anaruhusiwa mtu mmoja." Akachukua kalamu. "Bwana mwenyekiti, niandike majina yako yote, au moja linatosha?"

"Nakata rufaa!"

Tukageuka wote, tukasoma ukuta.

Bahizi akaifunga chaja kwa utepe wa kamati. Gari lilikuwa limebakiwa na umeme wa asilimia mbili. Bwana Rutagengwa akamfuata Latif, mkono mbele, aombe vijana wa moto wamsukume.

"Patron, kwanza kunawa," Latif akasema, mikono nyuma. "Ni sheria."

Akapanga foleni, mtu wa kumi na tatu. Aliyekuwa mbele yake ni Uwera. Akakohoa, akatazama ziwa, akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha, polepole, akampa Uwera kifundo.

Uwera akakishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama alivyolelewa. Halafu akaja mbio kwenye ndoo yangu.

"Maman," akanong'ona, "ongeza sabuni."