Malalamiko Dhidi ya Mashine Inayoamini Neno "Nzuri"

Husby, Stockholm

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Habari za kazi? Najua umeshajibu "nzuri" moyoni, hata kama leo umegombana nyumbani na gari limegoma kwa baridi. Hicho ndicho kisa cha barua hii.

Mwanzoni mwa majira haya ya baridi, kituo chako kiliweka mashine za majaribio majikoni mwa wazee wa Husby wanaozungumza Kiswahili. Ni kidude cheupe, ukubwa wa kopo la maziwa. Kila asubuhi kinamuuliza mzee hali yake, kinasikiliza jibu, kisha kinapeleka taarifa kwenye ofisi ya huduma za wazee. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni huu:

1. Mashine inaamini neno "nzuri". Jirani yangu Mzee Samwiri, Mganda aliyefika hapa enzi za ukimbizi kwa kupitia Nairobi, aliteleza jikoni kwake mwezi uliopita akashindwa kuinuka. Simu yake ilikuwa juu ya meza, yeye chini yake. Baada ya muda mashine ikauliza: "Habari za asubuhi, Mzee Samwiri?" Naye, shavu likiwa sakafuni, akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa: "Nzuri tu, mwanangu, tunamshukuru Mungu. Ila niko chini." Mashine ilikuwa imeshajizima kwenye "nzuri". Ofisi ikapata taarifa ya rangi ya kijani: mzee hajambo. Kwetu hata aliyefiwa huanza na "nzuri", ndipo aeleze msiba. Habari yenyewe huja baada ya "ila".

Aliyemkuta ni Shadia, mhudumu anayempitia mchana. Nimemhoji. Anasema alipofungua mlango, sauti ilitoka chini ya meza: "Karibu, binti yangu. Habari za kazi?" Akajibu nzuri, akauliza za hapo, akaambiwa nzuri. Mzee akauliza watoto wake hawajambo, akaambiwa hawajambo. Hapo ndipo aliposema: "Sasa niinue, nimelala huku tangu asubuhi."

2. Mwalimu wa mashine hiyo ni wa kwetu. Mhandisi wenu Filip amezaliwa hapa hapa Husby; mama yake, Paskalia, anakaa ghorofa ya juu yangu. Nilimuuliza ilikuwaje. "Huyo hajawahi kusikia salamu ikafika mwisho," alisema. "Wageni wakija anatoa shikamoo, anangoja 'nzuri' moja, huyo chumbani. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi nyuma ya mlango." Kwa hiyo mashine ya taifa imefundishwa kuondoka pale pale Filip alipokuwa akiondokea.

3. Mashine haina adabu. Mzee akiiuliza, "Na wewe umeamkaje?" inanyamaza. Samwiri hakukasirika. Anaona imelelewa na watu wenye shughuli nyingi.

4. Kituo chako kimetoa ripoti. Nimeisoma yote, pamoja na viambatisho. Inasema kati ya wazee wote waliojaribiwa, hawa wa Kiswahili ndio wenye afya bora: hawaumwi, hawaanguki, hawajui upweke. Wazee wa Kiswidi waliilalamikia mashine kuhusu goti, theluji na binti asiyepiga simu. Wetu walijibu "nzuri" bila kukosa hata siku moja. Kamila wa idara yenu ya mawasiliano aliniambia kwa simu kwamba sasa mnafikiria kuchunguza tunakula nini.

5. Ofisi ya huduma za wazee nayo imeisoma. Imemwandikia Samwiri kwamba kwa afya aliyo nayo hamhitaji tena Shadia, na kuanzia mwezi ujao hatakuja. Uamuzi haukuwa wa haraka. Kwanza walimpigia kumuuliza anauonaje. Unaweza kukisia alichojibu.

Kwa sababu hizo, naomba mambo yafuatayo. Kwanza, mashine isiamini "nzuri" ya kwanza wala ya pili. Iulize usingizi, mguu, watoto walioko Kampala na walioko Hallunda, ng'ambo ya pili ya mji huu, kisha inyamaze na kungoja. Pili, wahandisi wako wote waje Husby kila Jumamosi wafundishwe salamu na Paskalia, ambaye apewe cheo cha profesa na ofisi yenye dirisha. Tatu, serikali isitangaze takwimu yoyote ya furaha ya wananchi mpaka iwe imewauliza mara nne. Nne, hadi hayo yatimie, uje wewe mwenyewe kila asubuhi kumjulia hali Samwiri. Kutoka ofisini kwako, kwa treni ya bluu, ni stesheni moja tu. Uvue viatu, ukae, unywe chai yote, uulize mpaka mzee afike kwenye "ila". Kazi hii mashine haiiwezi. Inataka binadamu mwenye masikio na malezi.

Nisalimie Kamila, watu wa ghorofa zote, na mlinzi wa mlangoni aliyenipa kahawa nilipokatazwa kupanda. Filip mwambie mama yake amemwekea chakula kwenye friji.

Ni mimi ninayengoja jibu refu kuliko neno moja,

Augustino Mbilinyi
Mwandishi wa habari

Baada ya sahihi: Asubuhi hii, kabla ya kuituma barua, nilimpigia Samwiri nimsomee. Nikauliza, "Habari za asubuhi, mzee?" Akasema nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Nikasema vema, sikiliza. Nikamsomea yote. Alicheka kwenye namba 3, akaniomba nirudie namba 5, akasema imekaa vizuri. Kabla hatujaagana simu yake ikaisha chaji. Muda wote huo alikuwa sakafuni. Siku hizi simu anaiweka mfukoni, na alikuwa anataka kumpigia Shadia nilipopiga mimi. Hakutaka kunikatiza.

Kisha mashine ikaamka. Kumbe Filip alikuwa amepita Jumapili kuirekebisha, baada ya mama yake kumkalisha sebuleni mpaka wageni wa mwisho walipovaa viatu. Iliuliza habari, ikapata nzuri. Ikauliza mguu, ikapata nzuri. Ikauliza, "Na mengine, mzee?" halafu ikangoja.

"Mengine ni kwamba niko chini," alisema.

Ofisi ikapata taarifa ya kwanza ya rangi nyekundu kutoka jikoni kwa Samwiri, na Shadia akatumwa hapo hapo. Samwiri yuko kitini, anakunywa chai. Barua ya kumwondoa Shadia imefutwa.

Kwa hiyo ombi la nne usilijali. La pili libaki, ila anayefundisha iwe mashine, chini ya usimamizi wa Paskalia. Nami naomba niwekewe kiti mstari wa mbele.