Kofia Yenye Vyumba Mia na Arobaini

Jumatatu, 8 Agosti 1988

Balaa limeingia Shella yetu ya Malindi, na limekuja ndani ya bahasha ya kaki.

Leo baada ya alasiri nimefika dukani kwa Karisa, fundi wa televisheni, kama ada yangu. Kiti changu kimekaliwa! Kiti kilicho mbele ya kompyuta. Nimekikalia mwaka na nusu kwa haki, kwa kuwa mimi, Zein mshona kofia, ndiye niliyechora ramani ya Pango zima, ule mchezo wa kompyuta, vyumba mia na arobaini, katika daftari la hesabu la miraba. Bila ramani yangu hakuna anayetoka hai mle. Hata Karisa, ambaye kompyuta ni yake (aliachiwa na Mtaliano aliyefunga hoteli akarudi kwao), huniuliza kwanza: Fundi, tupinde wapi?

Aliyekikalia ni Ochola wa posta. Hakuinuka. Alinisalimu vizuri tu, akaendelea kubonyeza.

Ameletewa kaseti mpya ya mchezo kutoka Mombasa. Pango la Pili. Nimesimama nyuma yake nikatazama, na damu ikanipanda. Ramani inajichora yenyewe! Juu pembeni mwa kioo, mkono wa kulia, kila chumba anachoingia kinatokea. Hakuna kuandika. Hakuna kukisia. Unabonyeza mshale, mtu wako anatembea. Ochola akanigeukia akasema kwa upole kwamba sasa naweza kupumzika, Fundi.

Kupumzika! Mimi!

Nimerudi nyumbani nikamwambia Harusi, mke wangu, kwamba ulimwengu unakwisha. Akaniuliza kama utakwisha kabla ya kofia ya Bwana Aboud, maana mwanawe anaoa Ijumaa na ukanda wa chini bado mtupu.

Jumanne, 9 Agosti

Mjadala mkali. Koo linaniuma.

Ochola amedai kwamba Pango la zamani si mchezo, ni kazi ya karani, na yeye ukarani anaufanya posta kutwa. Kwa nini ahesabu mafuta ya taa? Kwa nini achague kati ya kamba na upanga eti mfuko mzito? Katika Pango la Pili mfuko haujai.

Nikasema ndiyo maana mchezo umekuwa uji wa mgonjwa. Mfuko usiojaa ni mfuko gani? Zamani, kabla hujaanza, mchezo ulikuuliza una nguvu kiasi gani, una akili kiasi gani, una bahati kiasi gani. Sasa unakuuliza jina tu, kama askari wa doria. Na salamu je? Zamani ukimkuta mlinzi wa lango unamwandikia salamu, anakujibu, unamuuliza hali, ndipo akufungulie. Usipomsalimu hupiti wallahi! Sasa unabonyeza kitufe na mlinzi amekufa. Watoto watajifunza nini?

Mwalimu Kadzo, anayefundisha hesabu shule ya Muyeye na aliyenipa lile daftari, akasema sote wawili tumekosea. Ugumu wa la zamani, alisema, nusu yake ni kwamba kompyuta haielewi unachoandika. Lakini la jipya lina kasoro kubwa zaidi: tangu jana hajamwona Ochola akishika pumzi hata mara moja. Mchezo usiokutia hofu, wa nini?

Maneno mazuri, ila angeyasema kwa upande wangu tu.

Karisa akachoka nasi. Mashine moja, alisema, na ugomvi kila siku. Ibaki kaseti moja. Itakayoshindwa atairikodia taarab, kwa kuwa kaseti tupu hazipatikani Malindi nzima mwezi huu.

Moyo ukanipasuka. Kaseti ya Pango ni hiyo hiyo moja. Hakuna nyingine, si hapa, si Kilifi. Ikifutwa, imekwisha.

Hapo Ochola akatamka kwamba Pango la zamani halina mjuzi, lina daftari tu. Ninyang'anywe daftari, nami ni kipofu. Nikajibu kwamba daftari nalileta kwa ajili yao wasiojua. Miye nimelihifadhi lote, neno kwa neno.

Kinywa hiki! Nani alikituma?

Imekatwa hivi. Jumamosi, baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, niingie Pango la zamani bila daftari, nitoke na Kito, johari iliyofichwa chumba cha mwisho. Mchezo unatoa roho tatu, basi ni roho tatu. Nikishinda, kaseti ya Ochola ndiyo ifutwe. Nikishindwa, taarab.

Jumatano, 10 Agosti

Nimehifadhi tangu asubuhi. Nimefika chumba cha tisa. Nilipofika cha kumi, cha nne kikatoka.

Harusi kashauri niandike kiganjani. Vyumba mia na arobaini, kiganjani! Isitoshe Ochola ameapa kwamba siku hiyo atanikagua mikono, mifuko, na viatu pia.

Adhuhuri, sindano mkononi, naitazama kofia ya Bwana Aboud. Miezi mitatu naishona. Duara la juu tayari. Umebaki ukanda wa chini tu, ule unaozunguka kichwa. Mtupu. Mweupe. Umejaa nafasi.

Allah! Allah!

Nani atakayethubutu kumwambia mtu mzima wa Shella avue kofia akaguliwe?

Kila kitobo, chumba. Kila mstari wa uzi, mlango. Kisima cha chumba cha thelathini, ua dogo. Chumba cha Kito, nyota. Lango nimeliweka mwanzo kabisa wa ukanda, pale ncha mbili zitakapokutana. Jumamosi nitaivaa mimi, na ya Bwana Aboud nitamshonea nyingine nikipata wasaa. Kijana wake aoe na kofia ya babake. Kichwa hakijui.

Nimeshona mpaka vidole vimevimba. Ochola, umekwisha.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimemaliza saa nne. Nimeunga ncha mbili, na kwa haki niseme, sijawahi kuunga hivi. Uzi umeingia ndani ya uzi. Nimemwita Harusi autafute mshono. Kaitia kidole kuzunguka mara mbili, hakuuona. Nikacheka. Fundi ni fundi.

Nikaenda kuoga, kisha barazani mpaka alasiri. Nikarudi. Kofia haipo.

Harusi kampelekea Bwana Aboud! Keshaifua, keshaitia kanji, keshaipeleka. Alisema amechoka kuona aibu kila akipita mbele ya nyumba ile, na kwamba mwezi wa Mfunguo Tatu unakwisha na watu wanaharakisha ndoa zao kabla ya Muharram. Alitarajia shukrani.

Nimekaa kwenye kizingiti kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 12 Agosti

Nikahi. Nimewahi nikakaa nyuma ya bwana harusi, Abdulhalim, hatua moja tu. Nia yangu ilikuwa kukisoma kichwa chake na kuhifadhi.

Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu... kijana akageuza shingo. Nikahamia kulia kidogo. Akainama, nikainama. Shekhe anahutubia juu ya haki za mke, mimi nipo kwenye kisima cha chumba cha thelathini. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikampata shingoni.

Bwana Aboud akanivuta kando. Aliniuliza, uso umemsawijika, kwa nini namtazama mwanawe hivyo siku ya furaha yake. Watu wameanza kunong'ona. Ami yake amekwisha kusoma kinga na kumpulizia.

Mimi, kijicho! Sina pa kuuficha uso. Nikasema, Bwana Aboud, nisamehe, nimeona uzi mmoja umefyatuka, na aibu ya kazi yangu inaniua. Nipe kofia kesho nitengeneze, Jumapili asubuhi unayo. Akalainika. Akanishika bega akasema kwamba mafundi wenye haya kama mimi wamebaki wachache.

Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Jumamosi, 13 Agosti

Nitaandika yote. Hakuna atakayesoma.

Dukani walikuwa watatu: Karisa, Ochola, Mwalimu Kadzo. Nikakabidhi daftari. Ochola akanikagua mikono, mifuko, viatu. Kofia akaitazama, akaisifu, akapita. Moyo wangu ukaruka!

Karisa akaitia kaseti. Ikapiga mayowe yake robo saa nzima, mchezo ukiingia kwenye kompyuta. Kisha maneno yakatokea: uko mbele ya lango.

Mlinzi nikamsalimu vizuri, akanifungulia. Ochola akapiga miayo. Nikavua kofia kujipepea, joto likiwa shahidi wangu, nikaiweka gotini nianze kwenye mshono.

Mshono uko wapi?

Nikaizungusha. Vyumba, milango, vyumba, milango. Nikaizungusha tena. Ukanda hauna mwanzo. Hauna mwisho. Nikapapasa ndani, nikapapasa nje. Nilipouficha mshono niliuficha hata nami nisiuone! Jasho la kweli likanitoka. Karisa akanikumbusha kwamba mafuta ya taa yanaungua.

Nikakisia. Kushoto, kushoto, mbele. Nikatumbukia kisimani. Roho ya kwanza.

Nikakisia pengine. Nikahesabu kutoka kwenye nyota kurudi nyuma, lakini kurudi nyuma kwa upande gani? Kofia ni duara, pande zote mbili zinafika! Nikaenda kulia. Taa ikazimika chumba cha ishirini na mbili, na kitu kikanila gizani. Roho ya pili.

Sasa hakuna aliyepiga miayo. Ochola amesimama. Karisa ameacha kazi yake. Jua limeshuka mpaka kwenye kizingiti. Kwa roho ya tatu nilikwenda pole pole, kofia gotini, na wallahi nilianza kupata! Daraja, sawa. Ngazi, sawa. Pango la popo, sawa. Nikakaribia. Vilibaki vyumba sita. Vitano. Mwalimu Kadzo alishika pumzi, nilimsikia.

Halafu akaiachia. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini Fundi anageuza kofia kila anapopinda.

Nikaifunika kofia kwa viganja.

Akaitwaa gotini pangu, akainyanyua kwenye mwanga. Anafundisha hesabu, macho yake hayakosi kitu. Akasema, hiki kisima hiki. Hii ngazi. Na nyota hii ni Kito. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Aliapa kwamba hajapata kuona kazi nzuri kama hii, wala mtu mjinga namna hii, katika kitu kimoja.

Adhana ikaadhiniwa. Nimo chumba cha mia na thelathini na tano.

Ochola hakucheka. Bora angecheka. Alimwambia Karisa labda tumwache Fundi amalize. Karisa akasema sharti ni sharti, na juu ya hayo nimedanganya. Akairudisha kaseti mwanzo, akaunganisha redio, akabonyeza vifungo viwili kwa pamoja. Vinanda vikaanza. Nikawaza vyumba vikizimika kimoja kimoja, na mlinzi wangu langoni, mwenye adabu zake, akingoja salamu.

Nililia. Nilisema ni vumbi la duka.

Jumapili, 14 Agosti

Asubuhi nimerudisha kofia. Bwana Aboud akautafuta uzi ule niliosema umefyatuka, hakuuona, akasema mashallah, imekuwa kama mpya. Nilikuwa sijaigusa. Ndugu zake wakapokezana kuutafuta mshono, wote wakashindwa. Wameagiza tatu.

Baada ya alasiri nimepita kwa Karisa. Kupita tu. Ochola akaniachia kiti, akasisitiza, nikakaa kwa ajili ya kumridhisha. Nimejaribu hilo Pango la Pili ili nipate hoja za kuliponda. Nimelijaribu mpaka magharibi. Kito nimekipata mara mbili! Hivi ndivyo lilivyo rahisi. Aibu tupu. Kesho nitalijaribu tena kuhakikisha.

Lakini dawa nimeiona. Ramani ile inajichora pembeni tu, juu, mkono wa kulia. Kitambaa cheusi, upana wa kiganja, gundi kidogo, nami niwe nimewahi dukani kabla ya wenzangu. Nitasema kioo kimeharibika. Wataingia pangoni bila ramani. Watapotea. Watamtafuta nani?

Kwa hiyo leo, nikiwa nimekaa kitini, vyumba vyote nimevinakili kwenye karatasi. Daftari sitaki tena; Ochola atalidai. Nimeanza kofia mpya, yangu mwenyewe, hakuna wa kuipeleka popote. Lango nimeliweka palepale, ncha mbili zitakapokutana. Na mshono wa safari hii nitaupiga mara mbili, kwa uzi mwembamba zaidi. Ule wa Bwana Aboud, ukitulia sana, nadhani ulikuwa unaonekana kidogo.